Mtu wa Ishirini

Al Khuwair, Maskati
9 Aprili 2025

Mwanangu Maan,

Nakuandikia kwa kalamu, na nakuomba unijibu kwa kalamu. Kundi la ukoo kwenye simu lina watu mia na kumi, na nusu yao wanasoma kwa niaba ya mjomba wako Hamdan.

Natumai u mzima na unakula chakula cha kueleweka. Sisi hatujambo. Goti langu linanipa khabari ya hali ya hewa kabla ya redio. Lujain, mjukuu wangu, ameposwa, na harusi ni mwezi wa Novemba, Mungu akijaalia. Tangu ulipoondoka mwaka 2017 umekosa harusi nne na maziko mawili. Mama yako Wadha, dada yangu, Mungu amrehemu, aliniachia wewe uwe mwanangu. Hakuniachia uwe picha ukutani. Niambie unakuja lini, na usiniandikie "Inshallah" ile ya kufukuzia watu.

Sasa nikueleze yaliyotufika Idi hii. Unaijua kanuni ya babu yako Mzee Saud: viti vya Baraza la ukoo hugawiwa kwa masinia ya siku ya tatu ya Idi. Kila sinia watu watano, kila masinia mawili kiti kimoja. Anayekula kwenye sinia la nyumba ni mtu wa nyumba hiyo, na aliye safarini huachiwa nafasi yake, naye huhesabiwa. Mwaka huu viti vina maana, kwa sababu Hamdan anataka nyumba ya baba kule Qurayyat ibomolewe, mitende ikatwe, yajengwe mabanda ya kukodisha wikiendi yenye bwawa la kuogelea na taa za rangi. Yeye ana viti vitatu. Nyumba ya ndugu yetu Suud ina viti viwili na iko nami. Mimi nna kimoja. Nikipata cha pili, nyumba ya baba inabaki.

Wangu ni kumi na tisa, na wewe umo. Nafasi yako iliachwa kwenye sinia la nne, mkono wa kulia wangu. Basi nikamwita Muhsina atoke jikoni akae, atimize ishirini. Akakaa. Akachota tonge moja, halafu akainuka mbio kwa sababu biriani ya pili ilikuwa inashika chini. Hamdan alikuwa amesimama na daftari lake kama mkaguzi wa skuli, na mimi wakaguzi nimewazoea. Akasema tonge moja halimfanyi mtu kuwa mtu wa nyumba, na tena yule hana hata kadi, kwa serikali hayupo.

Hilo la kadi ni kweli, na unalijua. Sensa yetu ilifanywa na kompyuta, haikugonga mlango wa mtu. Ilisoma kadi, na Muhsina kadi hana, viza yake ilikwisha zamani. Lakini sinia si kompyuta. Nimepeleka shauri kwa Mzee Mutasim, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini, atuamue. Hamdan amemweka Taimur kuwa wakili wake, mtoto niliyemfundisha mimi kuandika jina lake.

Nimesikia huko Marekani wana kesi za namna hii hii. Niletee hoja.

Khalati yako,
Kheiria


Columbus, Ohio
3 Mei 2025

Khalati mpenzi,

Nakubusu mkono, na goti pia kama litakubali. Barua yako imechukua wiki tatu, na bahasha imechanika pembeni, kwa hivyo labda na wao wa posta wanafuata shauri letu. Mimi mzima. Baridi imekwisha. Nakula, ingawa mchele wa huku hauna ladha wala mwenyewe. Mwambie Lujain nimefurahi mno. Kuhusu Novemba, kazi zimenibana, tutaona.

Hoja ulizotaka ni hizi. Huku kila miaka kumi wanahesabu watu, na viti vya Bunge hugawiwa majimbo kwa hesabu hiyo. Katiba yao imeandika watu. Haikuandika raia wala wenye kadi. Sasa yapo majimbo yaliyokwenda mahakamani yakitaka wasio na karatasi watolewe kwenye hesabu, kwa kuwa jirani amepata kiti kwa migongo yao. Wapinzani wao wanasema mtu ni mtu, anapanda basi, anakata tiketi, ahesabiwe. Pande zote mbili zinavaa tai nzuri sana.

Nitakupa na jambo la zamani, ulifikirie kabla ya kulitumia. Wakati wa utumwa mtumwa alihesabiwa huku sehemu tatu katika tano za mtu. Na waliotaka ahesabiwe mzima walikuwa wale waliommiliki. Walitaka viti vyake. Yeye mwenyewe hawakumtaka karibu na kiti chochote.

Nna rafiki hapa, mtu wa pwani kama sisi, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli na hana karatasi. Husoma khabari za kesi hizo kwenye simu wakati wa mapumziko. Ananiambia ni jambo geni kusimama unaosha sufuria huku watu wanabishana kama upo.

Khalati, nna maswali mawili. La kwanza: nimesoma kwamba Oman imetoa muda wa msamaha kwa waliopitisha viza, na unakwisha mwisho wa Julai. Umempeleka Muhsina? La pili: Muhsina ni nani wetu? Alikuja mwaka mmoja kabla sijaondoka, na kila nilipouliza mlisema "mgeni kutoka Tanga." Mgeni gani wa miaka tisa?

Na kama kiti ndicho kinachokuzuia, nitoe mimi kwenye sinia. Sipo. Yeye yupo.

Mwanao,
Maan


Al Khuwair, Maskati
25 Mei 2025

Mwanangu Maan,

Barua yako imefika, na nimeisoma mara mbili, ya pili na miwani. Hapa joto limeshafika la kuoka mkate juu ya boneti. Mke wa mtoto wa Hamdan ana mimba ya mapacha, na hilo nitalirudia, kwa sababu Hamdan naye amelirudia.

Hoja zako zimenisaidia kuliko ulivyodhani. Nimemnakilia Mzee Mutasim pale uliposema katiba yao imeandika watu, na pale uliposema hata zamani waliomiliki watumwa walitaka wahesabiwe wazima. Nimeweka mstari chini. Ukisema nilifikirie, nimelifikiria: kama Wamarekani walihesabu tatu katika tano, mimi nadai tano katika tano, mtu mzima, na hivyo nimewapita kwa ubinadamu.

Taimur ameleta waraka wa kurasa kumi na mbili, na picha. Anasema Muhsina alikaa kwenye sinia kwa sekunde kumi na moja. Mtu mmoja wao alikuwa anarikodi wajukuu kwa simu, na Muhsina amepita nyuma. Anasema tonge lilikuwa la kuonja chumvi, ambayo ni kazi ya mpishi, sio haki ya mla. Kwa upande wao wenyewe wameorodhesha watu arubaini na moja. Humo yumo binti aliyeolewa London ambaye hajala biriani yetu tangu aolewe, na wamo mapacha waliomo tumboni. Picha ya hospitali imeambatanishwa. Mmoja kageuza mgongo, lakini kahesabiwa.

Juu ya msamaha, ntampeleka. Ila fikiria na wewe. Nikimpeleka leo, huenda wakamwambia aondoke nchini kwanza ndipo atafutiwe viza, na mimi nikabaki na kumi na tisa mbele ya Hamdan. Shauri linasikilizwa Julai tarehe kumi na moja. Msamaha ni mpaka Julai thelathini na moja. Siku ishirini zinatosha kwa mtu mwenye mpango, na mimi nimeendesha skuli ya watoto mia sita. Yeye mwenyewe nimemwambia, akasema "Sawa, Bi Kheiria." Hana wasiwasi.

Kukutoa wewe kwenye sinia sikubali, na usirudie. Swali lako la pili nadhani unalijibu mwenyewe, yule ni mtu wa nyumba hii, na ndivyo tunavyodai kwenye shauri. Rafiki yako wa jikoni mpe salamu zangu. Mwambie ale kabla ya kuosha sufuria.

Hukunijibu kuhusu Novemba. "Tutaona" si jibu, ni Inshallah iliyovaa suruali.

Khalati yako,
Kheiria


Columbus
18 Juni 2025

Khalati,

Idi njema iliyopita. Nilisali msikitini hapa na kula sambusa zilizojaa vitunguu na mashaka. Mimi mzima. Nimehama nyumba, anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha, tafadhali itumie hiyo. Usiniulize sana kwa nini nimehama, palikuwa na watu wanagonga milango.

Nimeona hukunijibu, basi najibu mwenyewe kama ulivyotaka. Nilipokuwa na miaka ishirini na tano ulinituma kwenye kabati lako nichukue vyeti vyangu vya skuli. Pasipoti ya Muhsina ilikuwa juu yake. Imeandikwa Muhsina Nasr Saud. Nikadhani ni majina tu yamegongana, kwa vile vijana hupenda kudhani. Sasa nna thelathini na tatu, na sidhani tena.

Mjomba Nasr aliishi Tanga miaka kumi na mbili kabla ya kurudi kufia nyumbani kwa Mjomba Hamdan. Khalati, yule ni binti wa kaka yako. Ni mjukuu wa Mzee Saud, sawa na mimi. Mimi nimeachiwa nafasi tupu kwenye sinia miaka minane, na binti wa Nasr anasimama pembeni yake na jagi la maji. Kwa nini anakuita Bi? Anakuitaje Bi, na wewe ni shangazi yake?

Unasema hana wasiwasi. Uliangalia uso wake, au uliangalia daftari? Rafiki yangu wa jikoni husema "sawa" kwa kila mtu siku nzima. Kwa asiye na karatasi neno hilo ndilo la bei nafuu.

Mpeleke kesho. Usingoje tarehe kumi na moja. Mjomba Hamdan apate kiti, mitende ikatwe, tutapanda mingine. Nimekuomba mambo machache maishani mwangu, na hili nakuomba kwa jina la mama yangu.

Kwenye harusi ya Lujain sitoweza kuja. Sababu yake siwezi kukuandikia leo.

Maan


Al Khuwair, Maskati
16 Julai 2025

Mwanangu Maan,

Salamu nitazifupisha. Wote wazima. Barua yako ilifika tarehe nane, siku tatu kabla ya shauri, na sikumpeleka. Nasema hivyo mwanzo ili usisome kwa matumaini.

Tulikutana Ijumaa baada ya sala, sebuleni kwa Hamdan, watu kama hamsini, kiyoyozi kinalia. Mzee Mutasim alikaa kwenye kochi la katikati na mafaili yake. Alianza na orodha ya Hamdan. Binti wa London akampitisha, kwa hoja ya nafasi ya msafiri, na Taimur kwa ajili hiyo akaondoa pingamizi alilokuwa ameliweka juu yako, maana nawe u msafiri. Walipofika mapacha, Mzee Mutasim alisema wazaliwe kwanza, waote meno, wale, kisha ndipo tuzungumze. Hamdan akashuka mpaka thelathini na tisa. Nilitabasamu. Nakiri nilitabasamu sana.

Ikaja zamu yangu. Nilisoma hoja zangu zote, na Marekani nikaitia. Mzee Mutasim akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeliandika kwenye kurasa zile zote. Akasema, "Bi Kheiria, huyu mwanamke ni nani wako?"

Nilikuwa na barua yako mkobani. Ningesema mtumishi, nimeshindwa, kwa sababu mtumishi kwa kanuni ya baba hahesabiwi. Nikasema ni binti wa marehemu kaka yangu Nasr, wa ndoa, na mama yake ni mwanamke wa Tanga aliyekuwa akiuza chapati stendi. Baba alikataza ndoa ile isitajwe nyumbani, na sisi tukaendelea kutoitaja baada ya baba kufa, kwa mazoea. Mke wa Suud akasema kwa sauti, "Na analala stoo?"

Ungedhani hapo Hamdan angeona haya. Mjomba wako alikuwa anahesabu. Taimur alimnong'oneza, naye akasimama na machozi machoni, akasema damu ni damu, na mtoto huhesabiwa kwa nyumba ya baba yake. Nasr alifia nyumbani kwake, sinia la Nasr ni lake, basi Muhsina ni wake, wa arubaini, na kiti cha nne ni chake. Mtu aliyeleta kurasa kumi na mbili kuthibitisha kwamba Muhsina si mtu, akaomba karatasi hapo hapo, akaandika kwa mkono wake kwamba Muhsina ni binti halali wa ndugu yake Nasr, akatia saini. Mashahidi watatu wakatia saini.

Na mimi, Maan, nilisimama nikasema anakosea. Nikasema huyu ni mtumishi wangu tu, nimemlisha na kumvisha miaka tisa, na hana nasaba na mtu yeyote pale. Nilisema hivyo dakika kumi baada ya kusema lile la kwanza. Nimefundisha vizazi viwili kusema kweli, na nikasema hivyo mbele ya watu hamsini kwa ajili ya kiti.

Muhsina alikuwa mlangoni na kahawa. Alisikia yote. Alisema maneno machache, ambayo sitoyaandika, akaweka birika chini akatoka. Mzee Mutasim akampa Hamdan kiti.

Sasa unajua. Usiniandikie mambo ya mama yako, nayajua.

Kheiria


Columbus
2 Agosti 2025

Khalati,

Salamu kwa nyumba nzima, na Lujain khasa.

Barua yako nimeipata, lakini nilikuwa nimeshajua. Muhsina alinipigia siku ile ile, namba alipewa na Lujain. Kwa kuwa hukuyaandika maneno yake, nayaandika mimi, ili yawepo mahali. Ananiambia alisema hivi:

"Shangazi, nilikuwa nje ya mlango. Asubuhi nilikuwa mtu wa sekunde kumi na moja. Halafu nikawa binti wa Nasr, halafu wa Ami Hamdan, halafu mtumishi, na kahawa haijapoa. Nna mtoto Tanga ana miaka kumi na mbili, nilimuacha na mitatu kwa sababu mlisema nitapata karatasi nimlete. Nakwenda kwake. Msamaha si lazima mnipeleke, basi la kwenda huko nalijua."

Hujawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, nadhani. Mimi nilimsikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya jikoni la hoteli, nimevaa aproni. Kwa sababu, Khalati, sina rafiki. Viza yangu ya masomo ilikwisha mwaka 2021, masomo yalikuwa yameshakwisha kabla yake, na sikutaka kurudi mikono mitupu kwa watu walioniachia nafasi kwenye sinia. Nikitoka hapa sirudi. Harusi nne na maziko mawili nimezikosa kwa hilo, na ya Lujain itakuwa ya tano.

Zile kesi nilizokuandikia kwa mzaha, zinanizungumzia mimi. Kuna watu wananitaka nihesabiwe na kuna watu hawanitaki, na nimegundua hakuna hata mmoja katika wote hao aliyewahi kuniuliza chochote. Nilikukasirikia sana kuhusu Muhsina. Asilimia fulani ya hasira ile ilikuwa yangu mwenyewe, na uliibeba wewe.

Sikuambii ufanye nini. Nimechoka kuwaambia watu wafanye nini nikiwa mbali.

Maan


Al Khuwair, Maskati
30 Agosti 2025

Mwanangu Maan,

Ahsante kwa maneno ya Muhsina. Umeyaandika sawasawa, neno kwa neno, na niliyaweka kwenye Kurani yangu kwa muda kisha nikayatoa, nikaona sistahili kuyaficha humo.

Rafiki yako wa jikoni nilimjua tangu barua ya kwanza. Nimesahihisha insha za watoto miaka ishirini na sita, na mtoto akiandika "nna rafiki" najua kalamu imeshikwa na nani. Nilinyamaza kwa sababu ungekubali ningelazimika kukwambia urudi, na ukirudi ningelazimika kukueleza kwa nini Muhsina hana kadi. Ndivyo tulivyokuwa tukiandikiana, mimi na wewe, kwa adabu kubwa.

Muhsina aliondoka tarehe ishirini na tisa ya Julai. Nilimfuata uwanja wa ndege kwa teksi, hakuniomba. Alikuwa na begi moja na sanduku la halua alilonunuliwa na wajukuu zangu. Afisa wa pasipoti, kijana mpole, aliangalia majina, akaniuliza kwa Kiarabu mimi ni nani wake. Nikasema shangazi, kaka yangu ni baba yake. Akaangalia tena, akauliza kwa nini basi amekaa miaka tisa bila mtu kumwandikia. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua. Muhsina mwenyewe ndiye aliyemjibu, "Walikuwa na shughuli." Akagongewa muhuri akapita. Nililia pale mbele ya duka la saa, na watu wakadhani nimeibiwa.

Khabari za Baraza zitakuchekesha. Hamdan bado anamhesabu. Mtu yuko Tanga, na sinia lake liko Maskati, kwa hoja ya nafasi ya msafiri. Kura ilipigwa, viti vinne vyake kwa vitatu vyetu, changu na viwili vya Suud. Nyumba ya Qurayyat ikaamuliwa ibomolewe, na tingatinga likakodiwa.

Nikamwendea Mzee Mutasim nikaomba nakala ya ile karatasi aliyoiandika Hamdan. Nikaenda nayo mahakamani, mahakama ya kweli yenye bendera, nikafungua shauri la kuthibitisha nasaba ya Muhsina binti Nasr. Nimeapa kwamba lile neno langu la pili sebuleni lilikuwa uongo, na nimekiri hivyo kwa kinywa changu mbele ya hakimu, aibu yangu imeandikwa na karani. Shahidi wangu mkubwa ni saini ya Hamdan. Maana ukishakubali ni binti halali wa Nasr, basi ana fungu lake katika alichoacha Nasr, na Nasr alikuwa na fungu lake katika nyumba ya Qurayyat. Hakimu amezuia nyumba isiguswe mpaka shauri liishe. Hamdan alipoelezwa amerudi kule kule alikoanza, anasema yule mwanamke alikula tonge moja tu. Taimur anatafuta ile video.

Usidhani najisifu. Nyumba imesimama kwa muda, na mimi sikufungua shauri lile kwa ajili ya nyumba, ingawa miaka tisa nyuma ningeweza kulifungua kwa ajili yake tu, na lingechukua wiki tatu. Mtoto wake angekuwa na miaka mitatu. Hilo ndilo linaloniamsha.

Kuhusu wewe, sikwambii rudi. Nakwambia nimejua, na chumba chako kina kitanda, na ukija na mikono mitupu utakuta nyumba imejaa sufuria, hapana mpishi. Idi ijayo tutaagiza chakula hotelini. Mimi sijui hata chumvi inakaa wapi.

Mahakama inamtaka Muhsina afike mwenyewe mwezi wa Oktoba. Nimemjazia fomu ya viza, na pale penye uhusiano nimeandika binti wa kaka, kwa wino, bila kufuta. Tikiti nimeweka mbili, yake na ya mtoto. Jana nikampigia nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho, nyuma yake nasikia mtoto anasoma kwa sauti.

Kisha akaniuliza, "Shangazi, nakuja kukaa, au nakuja kupika?"

Nikamwambia aje akae. Akasema atafikiri, atanijibu.

Khalati yako,
Kheiria